Uzi maalumu: "Paul amekufa" – tuchambue dalili moja moja, kuanzia kanda za studio hadi faili za FBI

#1 Fundi Kanda

Wakuu, salaam. Haupiti muda mrefu habari hii hurudi: kwamba Paul McCartney wa Beatles, bendi ya Uingereza, alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1966, wenzake wakaficha, wakamweka mtu aliyefanana naye, kisha kwa majuto wakawa wanadondosha dalili kwenye nyimbo na majalada ya albamu. Wanaoileta huja na dalili hamsini kwa mpigo, na mjadala unaishia kwenye kuamini au kutoamini.

Huu uzi naomba twende polepole. Tushike dalili moja, tuulize ilirekodiwa siku gani, kwa mashine gani, na tunaipimaje wenyewe nyumbani. Nyuma ya karibu kila dalili kuna kazi ya fundi wa studio, na kazi hiyo ni tamu kuliko uvumi wenyewe.

Kwanza tujue uvumi ulizaliwa wapi. Januari 1967 zilienea tetesi London kwamba Paul amepata ajali kwenye barabara kuu ya M1. Jarida la mashabiki wa Beatles likakanusha katika toleo la Februari, zikazimika. Zilifufuka Marekani. Tarehe 17 Septemba 1969 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Drake, Iowa, lilichapa makala ya Tim Harper yenye swali kama Paul amekufa. Tarehe 12 Oktoba msikilizaji alipiga simu WKNR-FM, kituo cha eneo la Detroit, akamwomba mtangazaji Russ Gibb aicheze "Revolution 9" kinyumenyume hewani. Gibb akafanya hivyo.

Siku mbili baadaye, 14 Oktoba, Michigan Daily, gazeti la wanafunzi pale Ann Arbor, Michigan, lilitoa uhakiki wa albamu ya Abbey Road ulioandikwa na Fred LaBour. Alipewa kazi ya kuhakiki albamu, akaandika taarifa ya kifo. Sehemu kubwa ya dalili zilizomo alizibuni yeye, pamoja na jina la mtu wa badala, "William Campbell". Hilo jina mnaloliona hadi leo kwenye video limetoka kichwani mwa mwanafunzi mmoja.

Kilichofanya moto uwake nchi nzima ni mawimbi ya redio. Usiku wa 21 Oktoba mtangazaji Roby Yonge wa WABC New York aliisimulia hewani hadi wakubwa wake wakamtoa studio kipindi kikiendelea. WABC ni kituo cha AM cha kilowati 50. Mchana mawimbi ya AM hufika karibu tu, lakini usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbele, kama zile stesheni za mbali zinazonaswa saa nane za usiku. Majimbo 38 yaliweza kuinasa. Baada ya usiku ule haukuwa tena uvumi wa wanafunzi wa Michigan.

#2 Nyota ya Jioni

Mkuu Fundi, asante kwa tarehe. Nakubali LaBour alibuni jina. Lakini hakubuni sauti. Ukiicheza "number nine" inayorudiwa kwenye "Revolution 9" kinyume inasema "turn me on, dead man", yaani "niwashe, ewe marehemu". Hiyo ipo kwenye santuri, mtu yeyote anaisikia. Na Beatles walikuwa na tabia ya kugeuza sauti makusudi. Kwa nini tuamini kwamba hii moja ilitokea tu?

#3 Fundi Kanda

Swali zuri, na sehemu ya pili uko sahihi kabisa. "Rain" ya 1966 inaishia kwa sauti ya John Lennon, mwenzake Paul, iliyogeuzwa makusudi. Kwa hiyo mashabiki hawakuwa wajinga kutafuta.

Sasa tuangalie "number nine" ilitoka wapi. EMI, kampuni yao ya rekodi, walikuwa na kanda kwenye maktaba yao zilizotengenezwa kwa ajili ya mitihani ya Royal Academy of Music, na ndani yake msomaji alitaja namba za maswali. Sauti ya "number nine" ilikatwa humo, ikaunganishwa kichwa na mkia kuwa kitanzi cha kanda kinachozunguka bila kikomo. Juni 1968 walitumia mashine za studio zote tatu za Abbey Road kwa wakati mmoja, kila moja ikizungusha vitanzi, na kuinua au kushusha sauti ya kila kitanzi wakati kanda kuu inarekodi. Msomaji yule alisoma kwa ajili ya wanafunzi wa muziki. Ujumbe wa kifo angeupangaje?

Mnaotaka kujaribu kwa santuri, zingatieni haya. Santuri ya 33⅓ humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, kwa hiyo ukiigeuza kwa kidole lenga mwendo huo huo, la sivyo utapandisha au kushusha sauti na utasikia unachotaka. Tumia mashine ambayo sahani yake inazungushwa na mota moja kwa moja. Zile za mkanda wa mpira msizigeuze, mkanda unavutika na baadaye kasi inayumba. Na kijiti kinachoshika sindano kimeelekezwa kifuate mfereji kwa nyuma. Ukigeuza, unakisukuma kichwa mbele. Sindano ya ncha ya duara inavumilia, ile ya ncha nyembamba ya yai inachimba. Dakika tano za kutafuta dalili zinaweza kuharibu sindano nzuri na kuacha mkwaruzo wa kudumu.

Wenye mashine za reli kubwa, jihadharini na mtego mwingine. Kugeuza reli kunafanya kazi kwenye kanda ya njia moja inayotumia upana wote. Kwenye mashine za nyumbani za njia nne, ukigeuza reli unasoma njia za upande wa pili, ambazo zimerekodiwa kwa mwelekeo mwingine au ni tupu. Wengi husema "kanda imefutwa ujumbe", kumbe wanasoma upande mwingine wa kanda.

#4 Irabu na Konsonanti

Naomba niongezee upande wa matamshi maana hapa ndipo jibu lilipo.

Kugeuza sauti si kugeuza silabi, ni kugeuza kila kipande cha sauti. Neno "nine" hutamkwa n, a, i, n. Ukiligeuza unapata n, i, a, n, karibu na "nian". Neno "number" kwa Mwingereza halina r mwishoni, linaishia kwa irabu hafifu. Geuza: irabu hafifu, b, m, a, n. Unapata kitu kama "ebman". Unganisha: "nian ebman". Sasa mtu amekwisha kuambiwa "me on, dead man". "Nian" inakaa kwenye "me on", na "ebman" ina "man" tayari mwishoni. Neno "turn" ndilo dhaifu kuliko yote, linaokotwa pale kitanzi kinapojiunga na kuanza upya. Na kwa kuwa ni kitanzi, unasikilizishwa mara nyingi mfululizo. Kila mzunguko unakaza kile ulichokwisha kusikia.

Fanyeni jaribio hili kwa Kiswahili. Fungua programu ya Audacity, rekodi njia moja kwa 44,100 Hz, sema "namba tisa" kwa sauti ya kawaida, acha nusu sekunde ya ukimya mwanzo na mwisho. Chagua yote kwa Ctrl+A, nenda menyu ya Effect, chagua Reverse. Kinachotoka ni "asit abman". Mchezee mtu wa kwanza bila kumwambia kitu, andika alichosikia. Mtu wa pili mwambie kabla: "sikiliza, inasema hasiti Amani". Msiwachanganye chumbani, maana ukimwambia mmoja umewaambia wote. Kosa la kawaida ni kuwauliza "umesikia hasiti Amani?" Hapo umeshawapa jibu. Uliza "umesikia nini?" basi.

Jambo hili lilipimwa kitaalamu. John Vokey na Don Read wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, walichapisha mwaka 1985 majaribio yao ya usemi uliogeuzwa, mengine wakitumia Zaburi ya 23. Wasikilizaji waliweza kujua kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, lakini maana hawakuipata. Walipotajiwa kifungu cha kutafuta, ndipo walipokisikia.

#5 Nyota ya Jioni

Nimekuelewa, na jaribio ni la haki. Basi tuje kwenye ambazo hazihitaji kugeuzwa. Mwisho wa "Strawberry Fields Forever" Lennon anasema "I buried Paul", nilimzika Paul. Mwisho wa "I Am the Walrus" kuna watu wanazungumzia kifo waziwazi. Hizo mnasemaje?

#6 Fundi Kanda

Hizi mbili ndizo ninazozipenda kuliko zote.

"Strawberry Fields" unayoisikia ni rekodi mbili zilizounganishwa. Waliurudia wimbo mara nyingi: rekodi ya saba ilikuwa ya taratibu, nyepesi. Ya 26 ilikuwa na ala nzito, ya haraka zaidi na kwa ufunguo wa juu. Lennon akataka mwanzo wa ile na mwisho wa hii. Mtayarishaji George Martin na mhandisi Geoff Emerick wakaipunguza kasi ya 26 kwa zaidi ya asilimia 10 hadi funguo zikakaribiana, wakakata kanda na kuiunga. Kiungo kipo kama sekunde ya 60. Ukishaambiwa utakisikia kila mara: sauti ya Lennon inakuwa nzito ghafla, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Maneno yale ya mwisho yako kwenye sehemu iliyopunguzwa kasi. Ukipunguza kasi ya kanda, irabu zinashuka na konsonanti zinarefuka, "s" inapoteza ukali wake. Alichosema ni "cranberry sauce", mchuzi wa matunda wanaokula na bata mzinga. Huhitaji kuniamini: mkusanyiko wa Anthology 2, uliotoka Machi 1996, una kipande hicho, na kinasikika wazi. Mkiwa na toleo la kawaida, ongezeni kasi kwa asilimia 12 hivi, tumieni badiliko la kasi na si badiliko la ufunguo pekee, na "s" itarudi mahali pake.

"Walrus" sasa. Tarehe 29 Septemba 1967 walikuwa wanachanganya toleo la mono (sauti moja kwa spika zote). Wakaunganisha redio kwenye meza ya kuchanganyia na kuzungusha kitufe cha stesheni wimbo ukienda. Wakaangukia BBC Third Programme, ambako ilikuwa ikirushwa tamthilia ya Shakespeare ya King Lear, kitendo cha nne, pale Oswald anapouawa. Ndiyo maana unasikia mtu akiomba azikwe, akilia kifo cha mapema, na mwingine akiuliza kama amekufa. Ni kweli ni maneno ya kifo. Ila anayekufa ni Oswald.

Na ushahidi kwamba ilinaswa moja kwa moja uko kwenye santuri yenyewe. Redio iliingia wakati wa kuchanganya, haikuwa kwenye kanda ya njia nne. Novemba walipotaka kutengeneza stirio hawakuwa na redio ya kuchanganya upya. Ikabidi wachukue ile mono na kuigawa kwa kutenganisha besi na sauti za juu ili ionekane stirio. Vaa spika za masikioni, sikiliza kama dakika ya pili: upana unaporomoka. Mtu aliyepanga ujumbe wa siri angekuwa ameutunza kwenye kanda.

#7 Jicho la Kamera

Nichukue majalada.

Abbey Road, ambako Paul anavuka barabara peku: mpiga picha Iain Macmillan alipiga picha sita tu, kama saa tano na nusu asubuhi, Ijumaa ya 8 Agosti 1969. Alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akazuia magari kwa dakika kumi hivi. Ilichaguliwa ya tano kwa sababu ndiyo ambayo miguu ya wote imefunguka vizuri kama herufi V iliyopinduliwa. Katika baadhi ya picha zile nyingine Paul amevaa makubadhi. Alivua, ilikuwa Agosti. Kama miguu mitupu ni alama ya maiti, basi alikufa katikati ya picha sita.

Ile Volkswagen nyeupe iliyoegeshwa nyuma yao: kwenye namba yake wanasoma "28IF", angekuwa na miaka 28 kama angekuwa hai. Namba ni LMW 281F, na kile ni tarakimu moja, si herufi I. Kwa mfumo wa Uingereza wa wakati ule, F ya mwisho ni gari lililosajiliwa kati ya Agosti 1967 na Julai 1968. MW ilikuwa alama ya Wiltshire. Na hesabu yenyewe haikubali: Paul alizaliwa 18 Juni 1942, albamu ilitoka 26 Septemba 1969. Angekuwa na miaka 27.

Beji ya begani mwa Paul ndani ya jalada la albamu ya Sgt. Pepper wanaisoma OPD, yaani ametangazwa rasmi kuwa amekufa. Ni OPP, polisi wa jimbo la Ontario, Kanada. Kunjo la kitambaa limekata mguu wa herufi P.

Uzito wa hoja zao za siku hizi uko kwenye sura. Mwaka 2009 jarida la Wired la Italia lilichapa kazi ya wataalamu wawili waliopima taya na masikio kwenye picha za kabla na baada ya 1966 wakaona tofauti. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kosa hili hufanywa na wengi. Ncha ya pua ya mtu iko kama sentimita 12 mbele ya sikio. Kamera ikiwa nusu mita kutoka puani, sikio liko sentimita 62. Gawanya 50 kwa 62: sikio linatoka dogo kwa asilimia 19 hivi likilinganishwa na pua. Rudi nyuma hadi mita tatu: 300 kwa 312, tofauti inabaki asilimia 4. Mtu ni yule yule, sura zimekuwa mbili. Picha za 1964 nyingi zilipigwa na waandishi waliosongamana karibu yake, za 1967 nyingi ni za studio. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta picha mbili zenye umbali unaofanana, kichwa kimeelekea kule kule, na kidevu kimeinuliwa kiasi kile kile. Kidevu kikiinuka kidogo tu, taya inabadilika umbo. Bila umbali kujulikana, rula haina kazi.

Kuhusu mdomo na sharubu: 26 Desemba 1965 Paul alianguka na pikipiki ndogo Liverpool, akavunjika kipande cha jino na kupasuka mdomo wa juu. Jino lile lililovunjika linaonekana kwenye filamu za "Rain" zilizopigwa Mei 1966. Yaani mdomo ulibadilika zaidi ya miezi kumi kabla ya kifo kinachodaiwa, na sharubu zilikuja kufunika kovu.

#8 Msomaji wa Tarehe

Wakuu, nashangaa hakuna aliyegusa tarehe yenyewe, na inatuhusu sisi wa huku.

Simulizi inasema alikufa Jumatano alfajiri, 9 Novemba 1966. Tarehe na siku zinakubaliana, ilikuwa Jumatano kweli. Lakini wiki hiyo Paul hakuwa London. Tarehe 6 Novemba aliondoka Lydd, kusini mwa Uingereza, na ndege ya kubeba magari hadi Le Touquet, Ufaransa, akiwa na Aston Martin yake, amejibandika sharubu za bandia na miwani ili atembee bila kutambulika. Akazunguka bonde la Loire, akakutana na Mal Evans, msaidizi wa bendi, Bordeaux chini ya saa kubwa ya mji. Wakaingia Hispania, na kutoka huko wakapanda ndege kuja Nairobi.

Ndiyo, Nairobi. Walitembea Amboseli, wakalala Treetops kule Aberdare, hoteli ile ile ambayo Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa mgeni wake usiku aliporithi kiti cha ufalme mwaka 1952. Usiku wa mwisho walilala YMCA Nairobi. Tarehe 19 Novemba wakarudi London, na ndani ya ndege hiyo ndipo Paul alipopata wazo la bendi ya kubuni. Jina la Sgt. Pepper lilianzia kwenye vipakiti vya chumvi na pilipili vya chakula cha ndege: Evans aliuliza S na P ni nini.

Kwa hiyo albamu ambayo wanasema imejaa dalili za kifo chake, wazo lake lilianzia kwenye safari ya kutoka Kenya, siku kumi baada ya kifo hicho. Na siku tano baada ya kushuka, 24 Novemba, walianza "Strawberry Fields". Ile filimbi ya mwanzo ni Paul kwenye Mellotron, kinanda kinachocheza sauti zilizorekodiwa kwenye kanda. Mtu wa badala angekuwa na siku tano za kujifunza besi kwa mkono wa kushoto, sauti ile ya juu, na kupanga muziki. Kisha kabla mwaka haujaisha akaanza kurekodi "Penny Lane".

#9 Nyota ya Jioni

Dada, hiyo ya Nairobi sikuijua. Naikubali. Lakini msiseme basi kila njama ya miaka ile ni hewa. Serikali ya Marekani iliwaandama wanamuziki na mahipi, hilo si la kubuni.

#10 Karani wa Faili

Mkuu, hapo una haki, na si ya nusu. Ila angalia njama ya kweli inavyoonekana: ina tarehe, saini na namba ya faili.

Turudi mji ule ule wa Ann Arbor. Tarehe 10 Desemba 1971 Lennon aliimba Crisler Arena mbele ya watu kama 15,000 kudai mwanaharakati John Sinclair aachiwe. Sinclair alihukumiwa miaka kumi kwa misokoto miwili ya bangi. Aliachiwa siku tatu baadaye. Ndani ya umati walikuwamo watoa habari wa FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, wakiandika. Mmoja alinukuu mashairi ya wimbo wa Sinclair neno kwa neno, yakawekwa kwenye faili kama siri. Mwaka uliofuata mashairi hayo hayo yalichapwa kwenye jalada la albamu, dukani.

Februari 1972 seneta Strom Thurmond alimwandikia mwanasheria mkuu John Mitchell akipendekeza Lennon aondolewe nchini, maana Rais Nixon alikuwa anaingia kwenye uchaguzi na vijana wa miaka 18 walikuwa wamepata kura. Machi wakaanza kesi ya kumfukuza. Kisingizio kilikuwa hukumu yake ya bangi London ya Novemba 1968, faini pauni 150. Wakili wake Leon Wildes alipambana hadi mahakama ya rufaa ikaitengua 7 Oktoba 1975, na kibali cha ukaazi kikatoka 27 Julai 1976.

Mwanahistoria Jon Wiener aliomba faili hizo mwaka 1981. Zilimrudia zimepakwa wino mweusi. Alishtaki 1983, nyingi zikatoka kwa makubaliano ya 1997, na nyaraka kumi za mwisho zikatolewa Desemba 2006. Humo kuna karatasi ya kumtambulisha Lennon kwa polisi ili wamkamate kwa dawa za kulevya, na picha iliyobandikwa si yake. Ni ya David Peel, mwanamuziki wa mtaani New York mwenye nywele ndefu na miwani ya duara. Mtu wa badala alikuwepo kweli, na aliwekwa na FBI kwa kukosea.

Kuhusu madai kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lilihusika na dawa ya LSD: mradi wake wa majaribio ya dawa hizo, MKULTRA, ulianza 1953 na upo kwenye kumbukumbu za Seneti. Mkurugenzi Richard Helms aliamuru faili ziharibiwe 1973. Zilisalimika takriban kurasa 20,000 kwa sababu zilikuwa zimewekwa na karatasi za malipo, zikapatikana 1977. Mwandishi Ken Kesey alipewa LSD kama mtu wa majaribio kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu Menlo Park, kisha akaipeleka kwa mahipi. Hapo ndipo ushahidi unapoishia. Anayesema CIA walitunga muziki wa roki anahitaji hati ya malipo, na hati za malipo ndizo zilizosalia.

#11 Mgeni wa Leo

Samahani kuingilia wakuu. Na ile "Klabu ya 27", wanamuziki wa roki kufa wakiwa na miaka 27? Jones, Hendrix, Joplin, Morrison, wote ndani ya miaka miwili.

#12 Karani wa Faili

Karibu. Brian Jones 3 Julai 1969, Hendrix 18 Septemba 1970, Joplin 4 Oktoba 1970, Morrison 3 Julai 1971. Umri ni sahihi. Mwaka 2011 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapa hesabu ya wanamuziki 1,046 waliofikisha albamu namba moja Uingereza kati ya 1956 na 2007. Walikufa 71, na hapakuwa na mruko wowote kwenye miaka 27. Kilichoonekana ni kwamba wakiwa na miaka ya ishirini na thelathini walikuwa na hatari ya kufa mara mbili hadi tatu ya watu wa kawaida. Umaarufu na dawa viliwaua kwenye 25, 29, 32 pia, ila hizo hazina jina la klabu.

Morrison anabaki na maneno kwa sababu moja ya kiofisi: Paris hapakufanyika uchunguzi wa maiti, sheria ya Ufaransa haikuulazimisha kama daktari hakuona dalili za jinai. Hendrix ulifanyika, ukakuta dawa za usingizi na kupaliwa na matapishi, na mchunguzi wa vifo akaacha uamuzi wazi kwa kuwa hakuweza kusema ilikuwa bahati mbaya au kusudi. "Wazi" ni neno la kisheria. Watu wamelisoma kana kwamba kuna siri.

#13 Nyota ya Jioni

Swali la mwisho kwangu. Kwa nini Paul mwenyewe hakujitokeza kukanusha mapema? Ukimya wake ndio uliolea jambo hili.

#14 Fundi Kanda

Alikuwa shambani kwake Kintyre, Scotland, na mkewe Linda na watoto, akitaka aachwe. Waandishi wa jarida la Life walimfuata huko. Alipowaona aliwamwagia ndoo ya maji, kisha akaona picha ya hasira itatoka duniani, akakubali mahojiano na picha ya familia ili wampe filamu ya ile ndoo. Toleo la 7 Novemba 1969 lina sura yake kwenye jalada na maneno kwamba Paul bado yuko nasi.

Someni mahojiano yale ndani, si jalada tu. Humo anasema mambo ya Beatles yamekwisha. Alikuwa anatangaza kuvunjika kwa bendi kubwa kuliko zote, kwa mdomo wake, kwenye jarida la mamilioni ya wasomaji. Magazeti yakachukua kwamba yu hai. Bendi kuvunjika likawa habari 10 Aprili 1970, miezi mitano baadaye.